Vinundu Vilivyotazama Ndani

Majirani walimwita Mama Fumua, na wala hakuwa na mtoto wa jina hilo. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, wa kiume, fundi wa majokofu, mtu mzima mwenye mke na binti wa mwaka mmoja na nusu. Jina la Fumua lilitokana na kazi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwafundisha wanawake kufuma kwenye baraza ya nyumba yake, kwa uzi wa pamba na ile sindano fupi yenye ndoano kichwani, na katika miaka yote hiyo neno lililomtoka kinywani kuliko mengine yote lilikuwa hilo moja: "Fumua."

Alipita nyuma ya viti vya wanafunzi, mikono mgongoni, kama msimamizi wa mtihani. Mtu wa watu kafuma kitambaa cha kochi, kabakiza pindo tu, moyo umeshaanza kucheza. Mama Fumua anainama, anashusha miwani, anagusa mshono mmoja kwa ukucha.

"Huu umeruka. Fumua."

"Lakini mama, ni mmoja tu, na uko huku chini, hata hauonekani!"

"Mimi nimeuonaje?"

Basi mtu anafumua. Uzi unarudi kwenye donge, na wiki mbili za maisha ya mtu zinarudi nao. Kuna mwanafunzi mmoja alifumua kitambaa cha meza mara nne, na mara ya tano akaomba ruhusa aende msalani. Mpaka leo hajarudi.

Amri zake zilikuwa nyingi, lakini iliyokuwa mama yao wote ni hii: safu haikatizwi. Ukianza safu, umalize. Maziwa yanafurika, maliza safu. Mtu anabisha hodi, maliza safu. Maana safu ukiiacha katikati ukaenda zako, ukirudi hujui ulikuwa unatoka wapi na unakwenda wapi. Unashika kazi kinyume, unarudi ulikotoka, na mambo yote yanapinda. Marehemu mumewe alipata kurudi kazini bila ufunguo, mvua inamwagika. Akabisha. "Namalizia safu!" akajibiwa kutoka ndani. Sasa ilikuwa safu ya shuka, na shuka lenyewe la kitanda cha futi sita. Marehemu akasimama nje mpaka koti likamganda mgongoni, na mlango ulipofunguliwa alisema neno moja tu: "Imeisha?" La, hakufa kwa mvua ile, tusimsingizie mama wa watu. Alifariki miaka mingi baadaye kwa maradhi yake mwenyewe.

Humo ndani ndimo alimoolewa mkamwana wake, mke wa yule fundi wa majokofu. Binti huyu alikuwa karani wa posta, yuko likizo ndefu kwa ajili ya mtoto, na alikuwa mtu wa maneno machache. Mama mkwe alimpenda. Tena alimpenda sana, na ushahidi ni jinsi alivyokuwa akimwita. "Mwanangu, chumvi!" "Mwanangu, hebu tazama nani yuko mlangoni!" "Mwanangu, miwani yangu!" Na miwani iko kichwani. Yeye mwenyewe asingeweza kuinuka, si unaelewa, yuko katikati ya safu.

Binti naye akatamani kujifunza. Akaanza mkoba mdogo wa pamba, rangi ya maziwa, wenye mishono ya kutokeza ile inayoitwa vinundu. Mara saba alifuma, mara saba akaambiwa fumua, na mara saba akafumua bila kusema kitu. Mara ya nane hakumwonyesha mtu mpaka alipomaliza. Akauleta barazani alasiri moja, wanafunzi wote wapo, akauweka mapajani mwa mama mkwe wake.

Looo! Mama Fumua aliuzungusha ule mkoba kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wa ukoo. Upande mmoja umefura, upande mwingine umebonyea. Safu hapa zimepanda kilima, pale zimeshuka bonde. Na vinundu, ambavyo kazi yake yote duniani ni kutokeza nje, safu kadhaa vilikuwa vimezama na kutazama ndani, vimenuna. Akayahesabu makosa kwa sauti, kidole kwa kidole, mbele ya kadamnasi. Yalikuwa kumi na moja.

"Mwanangu," akasema, na wanafunzi walishajua neno linalofuata. Lakini siku ile labda alikuwa na huruma, labda alichoka. "Basi usifumue. Utundike jikoni, tutilie vibanio vya nguo."

Wanafunzi wakacheka. Hata Mama Fumua alicheka, si kwa ubaya.

"Asante, mama," akasema mkamwana, akaenda akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni.

Miezi mitatu ikapita. Kisha chuo cha ufundi cha wanawake kikabandika tangazo getini: anatakiwa mwalimu wa kufuma. Vyeti si lazima. Kila mwombaji alete mkoba mdogo mmoja wa pamba, wenye mishono ya kutokeza, alioufuma kwa mkono wake mwenyewe.

Mama Fumua alilisoma tangazo lile mara tatu, amesimama juani. Hapa lazima niseme jambo ambalo yeye hakumwambia mtu. Dada zake wawili walisoma wakawa walimu, na mpaka sokoni watu waliwaita Mwalimu: Mwalimu chagua nyanya, Mwalimu shikamoo. Yeye aliachia darasa la saba. Alikuwa amefundisha watu wengi kuliko dada zake wote wawili, na mtaani akaitwa Fumua. Alitaka, kabla hajafa, aitwe Mwalimu na mtu mwenye cheti. Alilitaka jambo hilo kwa roho yake yote, mpaka alipolifikiria machozi yalimlengalenga.

Akakaa kitini mwake, kile kiti chenye mto wa kijani ambacho hakikaliwi na mwingine, akaanza. Kinundu, kwa asiyejua, ni mishono mitano iliyoachwa nusunusu kwenye tundu moja, halafu ikavutwa yote kwa pamoja ikatokeza kama dengu. Unakifuma ukiwa umeshika upande wa ndani, nacho kinatokea upande wa nje. Alifuma vinundu kumi na viwili kwa safu, safu kumi na mbili, akakunja, akaunga ubavuni, akatia bitana na kifungo. Ukiulaza ule mkoba mezani na kuupima kwa rula, ungeona haya kwa niaba ya rula. Mkamwana aliitwa autazame.

"Umeona mkono ulivyotulia?" akaulizwa.

"Nimeona, mama."

"Hakuna hata kimoja kilichotazama ndani."

"Hakuna, mama."

Siku ya usaili alivaa gauni la sikukuu. Nyuma ya meza walikaa watu wawili: mkuu wa chuo, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, na bwana mmoja aliyetambulishwa kuwa mtaalamu wa sanaa za mikono. Bwana huyu alivaa skafu shingoni, na siku ile jua lilikuwa linapasua mawe. Akaushika mkoba, akauzungusha, akaupindua bitana nje, akampa mkuu. Wakanong'ona.

"Mama," akasema mkuu kwa upole, "huu umeununua wapi?"

"Nimeununua?"

"Ni mzuri. Ni mzuri mno. Lakini tangazo lilisema kazi ya mkono. Hii ni ya mashine."

"Mashine!" Mama Fumua akasimama. "Mashine ipi? Mashine ya kufuma kwa ndoano namna hii bado haijazaliwa! Nipeni uzi nifume hapa hapa mkiniangalia!"

"Mama yangu, nje kuna waombaji kumi na tisa," akasema mkuu.

Yule bwana akatabasamu. "Hebu mama atuonyeshe mahali pamoja tu ambapo mkono ulitetereka."

Mama Fumua akauchukua mkoba, akashusha miwani, akaupekua kwa ukucha kama alivyozoea kuipekua kazi ya wenzake. Safu ya kwanza mpaka ya kumi na mbili. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitafuta kosa, akalikosa, akasikitika.

"Ijumaa ijayo utuletee mwingine," bwana akasema. "Tunataka tumwone mtu ndani yake."

Alirudi nyumbani akisema peke yake njiani. Mtu! Wamwone mtu! Kwani huo wa kwanza ulifumwa na nani, jini? Alimweleza mwanawe, naye fundi wa majokofu akacheka mpaka akashika mlango.

"Si rahisi tu, mama? Kosea."

"Kosea," akasema Mama Fumua. Kumbe kweli, ni rahisi. Watu wanakosea kila siku bila kufundishwa.

Akakaa kitini, akaanza kukosea. Kila kinundu cha tano akakiruka makusudi. Alipofika safu ya nane akaunyoosha ule ufumaji mapajani, akaona mapengo yamejipanga mstari mmoja wa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, yamenyooka kama uzi wa mwashi. Mwanawe alipopita akasema, "Eh, huu mchoro mpya ni mkali kuliko ule wa kwanza." Akafumua. Akajaribu kufunga macho. Vidole havikuwa na habari na macho. Vilishaacha kuyahitaji tangu zamani. Akajaribu kufuma kwa mkono wa kushoto, na siku ya pili mkono wa kushoto nao ukawa hodari. Akafumua. Alhamisi jioni alikuwa na mkoba mwingine, mzuri kupita wa kwanza, na moyo mzito kuliko jiwe la kusagia.

Ijumaa asubuhi mkamwana alimpeleka mtoto kliniki. Mama Fumua akaingia jikoni kunywa maji, na alipokuwa anafunga mlango, kitu kikamgonga bega. Mfuko wa vibanio.

Akasimama akiutazama, glasi mkononi.

Nataka mnielewe, hakuwa mwizi. Alijiambia kwamba anauazima tu, kwa ajili ya mfano, awaonyeshe wale wataalamu jinsi kazi mbovu inavyokuwa, walinganishe. Alijiambia pia kwamba kitu kilichofumwa kwa uzi wake, barazani kwake, chini ya mafunzo yake, ni chake kidogo. Mtu akitaka kujidanganya huwa hakosi msaada. Akavitoa vibanio, akaviweka juu ya meza, akaukung'uta mkoba, akauchomeka chini kabisa kwenye kikapu chake, akatoka upesi kabla hajajisikia anafikiri.

Kule chuoni mkoba mpya ulikaa mezani dakika moja. Wale wawili wakatazamana, mkuu akaguna kwa masikitiko. Mama Fumua akaona jambo lake limekwisha. Akainama achukue kikapu aende zake, na kile kilichokuwa chini kikachungulia.

"Na hicho ni nini?" akauliza yule bwana wa skafu.

"Ah, hicho si kitu. Ni cha vibanio."

Bwana akaunyoosha mkono, akautoa. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tazama," akamwambia mkuu. "Tazama hapa, safu inavyokwenda, halafu inasita. Inarudi. Na hivi vinundu, vimejificha! Kama vina siri. Halafu hapa vinatoka tena." Alikuwa anapapasa vile vinundu vilivyonuna kama mtu anayesoma kwa vidole. "Hapa kuna mtu. Huu umetoka kwa nani?"

Mama Fumua alisikia feni inavyozunguka juu ya kichwa chake. Jibu lilikuwa moja, fupi, lenye jina la mtu ndani yake, na alikuwa nalo ulimini.

"Umetoka nyumbani kwangu," akasema.

Na hebu niambie, uongo uko wapi hapo?

"Na ilikuwaje safu hizi zikageuka namna hii?"

"Ilitokea tu."

"Ilitokea tu!" bwana akarudia, akaliandika neno lile kwenye daftari.

Mkuu wa chuo akasimama, akavua miwani yake ya kamba, akampa mkono. "Karibu chuoni, Mwalimu."

Miaka ishirini na miwili alikuwa analingoja neno lile, nalo lilipokuja likamchoma kama mwiba wa samaki. Wakamwambia darasa linaanza Jumatatu, na somo la kwanza litakuwa mkoba huu huu, aufume tangu mwanzo, wanafunzi thelathini wakitazama. Akanyoosha mkono auchukue. "La, huu unabaki," akasema mkuu. Wakaufungia kwenye kabati la kioo pale mlangoni, na karani akaandika kijikaratasi: Kazi ya Mwalimu.

Alipofika nyumbani alimkuta mkamwana uani, beseni la nguo mbichi miguuni.

"Mama, mfuko wa vibanio umeuona?"

"Mfuko gani?"

"Ule wangu."

"Labda panya," akasema Mama Fumua, akaingia ndani.

Panya! Mkamwana akarudi jikoni, akavitazama vile vibanio pale mezani. Vilikuwa thelathini. Na vilikuwa vimepangwa safu tatu, kumi kumi, vichwa vyote upande mmoja, maana mama huyu hata katika wizi, samahani, hata katika kuazima, alikuwa hawezi kuacha kitu ovyo. Binti akavichota kwenye sufuria, akaenda kuanika nguo, hakusema neno. Kimya kile kilimtesa Mama Fumua kuliko matusi.

Usiku alisema anaumwa kichwa, akalala mapema. Jumamosi tangu asubuhi alikaa barazani na uzi wa rangi ya maziwa, akijaribu kukumbuka. Aliyajua makosa yale yote kumi na moja, si aliyahesabu mwenyewe? La kwanza safu ya tatu, la pili safu ya nne, mawili safu ya sita. Alijua yalipo, hakujua yalivyofika. Kila alipogeuza safu makusudi, mkono ulijua kwamba umegeuza, ukasawazisha mbele kwa mbele. Mpaka adhuhuri alikuwa amefuma na kufumua mara nne. Akamkumbuka yule mwanafunzi aliyekwenda msalani, na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma.

Baada ya chakula cha mchana mtoto alilala, fundi wa majokofu alikuwa kazini, na mkamwana akaja kukusanya vyombo. Mama Fumua akaushika mkono wake.

"Mwanangu, kaa."

"Vyombo, mama."

"Viache. Ule mfuko wako uko chuoni. Kwenye kabati la kioo. Wanasema ni wangu. Sikuwaambia ni wangu. Lakini sikuwaambia ni wako."

Binti akaweka sahani chini. "Vibanio havina miguu, mama. Nilijua tangu jana. Na wanakuita Mwalimu?"

"Wananiita. Nimefurahi, na nimeona haya, vyote kwa pamoja, sijalala. Jumatatu wanataka niufume tena mbele ya wanafunzi thelathini; nitakwenda niwaambie ukweli."

"Utawaambia nini? Kwamba makosa ni yangu? Hilo umeshasema mbele ya watu."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mama Fumua akainamisha kichwa, akakiangalia kitanzi kilichobaki kwenye sindano.

"Nifundishe," akasema. Neno lile hakuwa amelisema tangu akiwa msichana. "Nifundishe ulivyokosea. Safu ya tatu, kinundu cha saba. Ulifanya nini pale?"

Mkamwana akafikiri kidogo. "Safu ya tatu? Safu ya tatu uliniita chumvi."

"Chumvi?"

"Nilikuwa chumbani, nimefika katikati ya safu. Ukaita. Nikaacha, nikaleta chumvi. Niliporudi nikakuta mtoto ameukalia uzi, nikashika kazi upande uliokuwa juu, nikaendelea. Kumbe nilikuwa narudi nilikotoka."

Mama Fumua akalaza sindano mapajani.

"Safu ya nne ulitaka nitazame nani yuko mlangoni. Alikuwa muuza ufagio. Safu ya sita ni miwani, mara mbili. Ya kwanza ilikuwa kichwani, ya pili ilikuwa kichwani tena. Safu ya saba ulitaka mto mgongoni. Safu ya nane..."

"Yote?" Mama Fumua akauliza. "Yote kumi na moja ni mimi?"

"Uliniita mara kumi na mbili, mama. Ya kumi na mbili nilijifanya sikusikia. Safu hiyo ikanyooka."

Ilimjia picha ya mkoba ule ndani ya kabati lake la kioo, na yule bwana wa skafu akipapasa kile kinundu alichodhani kina siri. Siri yenyewe ilikuwa chumvi. Alikuwa amewafundisha watu wazima wote wa mtaa kwamba safu haikatizwi, na humu humu ndani alikuwa amezikatiza safu za mwenzake mara kumi na moja, halafu akazihesabu kwa sauti na watu wakacheka. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nisamehe, mwanangu," akasema, na safari hii neno "mwanangu" halikufuatwa na kitu cha kuletewa.

"Nimekusamehe, mama. Lakini Jumatatu utawaambia wanafunzi nani aliyefuma na nani aliyeita. Wote thelathini."

"Wakinifukuza?"

"Watakuwa wamemfukuza Mwalimu. Hilo jina hawatakuwa wamekunyang'anya."

Mama Fumua akatikisa kichwa kukubali. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. "Na kufuma kwenyewe? Mimi hata nikigeuza, mkono unajua."

"Safu haigeuzwi, mama. Unaitwa ukiwa katikati." Mkamwana akainuka, akavuka baraza, na kabla Mama Fumua hajafumbua kinywa, akakaa kwenye kile kiti chenye mto wa kijani. Akauweka mto sawa mgongoni. Akanyoosha miguu. "Wewe kaa pale kwenye kigoda. Anza."

Sasa mtazameni mama wa watu, miaka yake sitini na moja, kwenye kigoda cha jikoni, magoti juu, donge la uzi sakafuni. Akafuma mnyororo wa kuanzia, akafuma safu ya kwanza, ya pili, ya tatu yenye vinundu, akaigeuza aitazame. Mkamwana akajongea mbele, akagusa kinundu kimoja kwa ukucha.

"Hii imenyooka," akasema. "Fumua."

Mama Fumua akamtazama usoni kuona kama anacheka. Hakuwa anacheka. Akafumua, uzi ukarudi kwenye donge, naye akaanza tena. Safu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, kinundu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mikono ilikwenda yenyewe, akaanza kusahau yuko wapi.

"Mama!"

"Abee! Ngoja kidogo, namalizia sa..."

"Mama, chumvi."

Chakula kilishaliwa. Vyombo vilikuwa pale chini, vitupu. Hapakuwa na mtu duniani aliyehitaji chumvi saa ile. Mama Fumua aliiangalia safu yake: vilibaki vinundu vitano tu, na cha saba kilikuwa kwenye sindano, vitanzi vyake vimefunguka. Vitano! Akakumbuka mvua, na yule mtu mpole aliyekuwa amesimama nje ya mlango na koti lake.

"Nakuja," akasema, akaiacha kazi kwenye kigoda, akainuka, magoti yakalia.

Akaleta chumvi. Mkamwana akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini karibu na kiti, hakuitazama tena.

"Asante, mama."

Mtoto alikuwa ameamka. Alikuwa amekaa sakafuni na uzi wote mapajani, na ile kazi iko mikononi mwake, inapinduliwa huku na huku. Mama Fumua akaichukua taratibu, akakaa, akashusha miwani. Akautazama upande huu, akautazama upande ule. Hakujua alikuwa anatoka wapi. Akashika upande uliokuwa juu, akaanza kufuma.